Lamu msimu wa sherehe: panga hivi, kaa hivi, nunua hivi

Usianze na hoteli, wala usianze na tiketi. Safari ya Lamu huanza na kalenda. Mji huu una sherehe zake, na kila sherehe ina watu wake, bei zake na mwendo wake. Ukishajua unakwenda kwa ajili ya ipi, mengine utayapanga kwa jioni moja.

Zilizo kubwa ni mbili. Maulidi hufikia kilele wiki ya mwisho ya Mfungo Sita, na kwa kuwa hufuata mwezi mwandamo, kila mwaka huja mapema kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka uliotangulia. Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida huwa Novemba, lakini tarehe hupangwa na wenye ofisi na huweza kusogezwa. Piga simu kwanza, kwa ofisi ya utalii ya kaunti au kwa mwenye nyumba unayotaka kulala. Usilipe kitu kabla hujathibitisha.

Uchague ipi? Ukipenda mashindano ya punda, majahazi, bao, ushairi na hina, Novemba itakufaa. Ukitaka kuuona mji katika furaha yake wenyewe, nenda Maulidi. Mimi nakushauri Maulidi bila kusita. Mashindano ya punda na ya mashua yapo pia, lakini juu yake kuna matari, maandamano ya zefe na watu waliosafiri kutoka pwani nzima kwa mapenzi tu.

Shela, kijiji cha jirani, kuna tamasha la wachoraji lililoanza 2011. Si la kila mwaka. Likiangukia wakati wako, utawakuta wachoraji wamesimamisha fremu zao vichochoroni na ufukweni wakifanya kazi mbele ya watu. Uliza, lakini usijenge safari nzima juu yake.

Ukipata tarehe, weka chumba mara moja. Wiki ya sherehe vyumba hujaa na bei hupanda. Na ongeza siku mbili baada ya sherehe kwisha. Hili ndilo shauri langu kubwa kuliko yote humu ndani. Wakati wa sherehe fundi hana nafasi na wewe: ana wageni wake, watoto wake wanacheza kwenye zefe, duka limefungwa nusu ya siku. Watu wakiondoka, mji hurudi kwenye kazi zake, na hapo ndipo utakaribishwa ukae, uone patasi inavyokwenda.

Kufika

Kwa ndege utatua Manda, kisiwa cha pili, kisha uvuke kwa boti dakika chache. Ndege nyingi ni ndogo na mizigo hupimwa. Mashirika mengine huruhusu kilo 15 tu, kwa hiyo nenda na begi nusu tupu. Utanunua vitu.

Kwa basi, njia ni Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti. Barabara ya Garsen hadi Lamu sasa ina lami na safari imekuwa nyepesi kuliko zamani. Panda basi la asubuhi ili ufike mchana. Vizuizi vya polisi ni vingi, kwa hiyo kitambulisho au pasipoti kaa nayo mfukoni, si kwenye begi la chini. Kabla ya kukata tiketi uliza hali ya usalama njiani wiki hiyo. Watu wa kampuni za mabasi wanajua, na watakwambia kama kuna la kusubiri. Ukitokea Tanga, vuka mpaka Horohoro, lala Mombasa, uanze safari ya Lamu ukiwa umepumzika.

Mokowe, boti za abiria hujaza watu kisha huondoka, na nauli yake ni ndogo. Vijana watakuja kukushika mzigo wakikwambia boti yao ndiyo inayoondoka sasa. Mara nyingi hiyo ni ya kukodi. Uliza bei kabla mguu haujaingia ndani, na uulize ni ya mtu mmoja au ya boti nzima.

Lala wapi

Kama umekuja kwa sherehe, lala mjini Lamu. Shela ni pazuri na ina utulivu, lakini ni ghali zaidi, na shughuli za usiku mjini zikiisha utatafuta boti ya kukurudisha gizani. Mjini, upande wa Mkomani ndiko kwenye majumba ya mawe na vichochoro vya kimya. Upande wa Langoni una pilikapilika zaidi, na ndiko karibu na Msikiti wa Riyadha, kitovu cha Maulidi. Chagua kulingana na usingizi wako.

Omba chumba cha juu. Vyumba vya chini vya nyumba za kale vina kuta nene za matumbawe na hewa haipiti sana. Juu kuna upepo wa bahari. Kabla hujalipa, angalia mambo matatu: chandarua hakijatoboka, feni inafanya kazi, na maji yapo bombani muda huo unapoangalia.

Pesa taslimu beba kiasi, M-Pesa itabeba mengine. Mashine za benki zipo mjini ila siku za sherehe foleni huwa ndefu. Malipo mengi ya taasisi za serikali, makumbusho yakiwemo, siku hizi hupitia eCitizen, kwa hiyo simu yako iwe na chaji na bando.

Fuata maji

Huku bara tunatazama saa. Lamu utatazama maji. Muulize mwenyeji wako kila asubuhi: leo maji yanajaa saa ngapi? Jibu lake litapanga siku yako.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita tatu. Siku hizo hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne. Kati ya nyakati hizo mbili ni maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali. Maulidi ya Lamu huangukia mwisho wa mwezi, kwa hiyo tarajia usiku wa giza na bamvua. Beba tochi.

Hili lina maana ya vitendo kabisa. Njia ya kutembea kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu, dakika arobaini hivi kwa mwendo wa pole. Maji yakipwa ni matembezi mazuri ya pwani. Yakijaa, sehemu za njia humezwa, na utalazimika kupita ndani au kuvua viatu. Safari ya magofu ya Takwa, kisiwani Manda, ni kinyume chake: boti hupita kwenye mlango mwembamba wa mikoko, na huwezi kuingia mpaka maji yajae. Mtu akikuuzia safari ya Takwa bila kukutajia saa ya maji, mtafute mwingine.

Takwa yenyewe inastahili nusu siku. Ni mji ulioachwa katika karne ya 17, na msikiti wake bado umesimama, pamoja na kaburi lenye nguzo ndefu. Watu wa Shela wanajihesabu kuwa wametoka huko. Wakumbuke hao unapokanyaga mawe yale.

Mjini kwa miguu

Asubuhi ya kwanza mchukue kiongozi wa watalii mwenye kibali, kwa saa mbili tu. Muombe akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi, mpatane bei, na umwambie hutaki kupelekwa madukani. Atakufunza njia mbili kuu: Usita wa Mui, ulio ndani, na barabara ya pwani. Ukizijua hizo mbili hupotei, kwa sababu vichochoro vyote hushuka ama huku ama kule. Ukichanganyikiwa, fuata mteremko. Utatokea baharini.

Punda ndio magari ya hapa. Ukisikia kwato au sauti ikipigwa nyuma yako, jibanze ukutani mpaka apite. Usisimame katikati kupiga picha: kuna punda amebeba mchanga, na ana mgongo unaouma kama wako. Vaa viatu vya kuvua haraka, na chunga mifereji ya maji iliyo wazi kandokando.

Anza na Ngome, hapo Mkunguni. Ilianza kujengwa 1813 na kukamilika 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda wavamizi kwenye vita vya Shela. Ilikuwa jela hadi 1984. Sasa ni makumbusho, ina maktaba, na mara nyingi huwa na maonyesho ya picha na sanaa, hasa misimu ya sherehe. Panda hadi juu, utaona mpango mzima wa mji.

Makumbusho ya Lamu yako pwani. Nenda ukaone siwa, zile baragumu kubwa za kifalme, na majahazi ya mfano. Ukiwa na muda mdogo, ruka Makumbusho ya Posta ya Wajerumani, ingawa ni kweli kwamba walifungua posta hapa 1888. Usiruke Nyumba ya Kiswahili.

Hapo kaa. Usipite mbio kama mtu anayehesabu vyumba. Ukiingia utaanzia daka, penye baraza za wageni, kisha kiwanda, yaani ua wa wazi, kisha misana, vyumba vinavyofuatana kuelekea ndani, kila kimoja kikiwa na faragha zaidi ya kilichotangulia. Tazama juu: boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kama mita tatu hivi kwenda kando. Kisha tazama ukuta wa ndani kabisa, wenye zidaka, vile vijumba vya kuchonga kwenye chokaa, safu juu ya safu. Ukitoka hapo utauona mji kwa macho mengine. Utaanza kutambua wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za jamaa, na utaelewa kwa nini kile kivuli kipo.

Salimu watu. Subalkheri asubuhi, masalkheri jioni, na mzee umwite mzee. Anayeketi barazani usimpite kama ukuta. Vaa cha kufunika mabega na magoti ukiwa mjini. Mavazi ya kuogelea yabaki ufukweni. Picha ya mtu huombwa, na mwanamke aliyevaa buibui akisema hapana, ni hapana. Pombe usinywe njiani.

Maulidi ni ibada kabla ya kuwa tamasha. Yalipata umbo lake hapa kwa Habib Swaleh, mwanachuoni mwenye asili ya Ngazija aliyejenga Riyadha na kufariki 1935, na watu wengi wanaokuja wanamzuru yeye. Asiye Mwislamu hukaribishwa kutazama, kwa adabu: usiingie msikitini bila kuambiwa, wanawake wana upande wao, na simu isiwe inamulika nyuso za watu wanaoomba dua. Siku ya zefe tafuta nafasi kwenye barabara ya pwani mapema, chini ya kivuli. Wanafunzi wa madrasa hupita makundi kwa makundi, kanzu nyeupe, matari yakipokezana, na kila kundi lina mdundo wake. Jioni kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo. Simama hatua tano nyuma, fimbo zile zinapigwa kwelikweli.

Kula kwa kufuata moshi. Jioni karibu na Ngome kuna mishkaki, viazi vya karai na mkate wa mofa. Asubuhi tafuta mahamri na mbaazi. Kahawa chungu inauzwa kwenye dele lenye makaa, na kikombe kimoja hakitoshi kusikiliza hadithi, kwa hiyo agiza cha pili.

Sanaa: unaitazama vipi, unainunua vipi

Usitafute jumba la sanaa lenye kuta nyeupe na taa. Yapo maduka ya sanaa mazuri kwenye Usita wa Mui na huko Shela, na uyaingie, ila nusu ya sanaa ya Lamu iko karakanani. Pita asubuhi, kabla ya adhuhuri. Mchana wa joto watu hufunga, na Ijumaa usitegemee kitu hadi alasiri.

Anza kwa wachonga milango. Utasikia nyundo kabla hujaona. Mlango wa Lamu una mfaa katikati, ule mti unaofunika palipokutana mbawa mbili, na fundi huupa nakshi yake bora. Uliza ni mti gani. Mbambakofi ni mzito na hudumu. Msaji ni mzuri na ghali. Mwembe ni wa bei nafuu lakini haufai kukaa mvuani. Kisha ligeuze pambo au sanduku unalolitaka, utazame nyuma. Fundi wa kweli hamalizii mbele tu. Pitisha kidole kwenye kona za nakshi: ukikuta unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, kuna ufa umefichwa. Na umuulize mti umekauka muda gani. Mti mbichi ukiupeleka Nairobi, kwenye hewa kavu, utapasuka ndani ya miezi.

Kiti cha enzi ndicho fahari ya mafundi wa hapa: kirefu, mgongo ulionyooka, kimesukwa kwa kamba nyembamba na kupambwa kwa vipande vya kung'aa. Zamani walitumia pembe za ndovu. Siku hizi hutumia mfupa, na pembe ya ndovu ni haramu kisheria kuuza au kununua. Magamba ya kasa vilevile, usiyaguse. Na mlango au kifaa cha kale, kilichotoka kwenye nyumba, usinunue kukitoa nchini. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakataza bila kibali, na zaidi ya sheria, ukinunua unalisaidia jumba lile kubomoka.

Kofia za vito ni kitu kingine. Ni za kushona kwa mkono, tundu kwa tundu, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Igeuze ndani. Kazi safi huonekana ndani kama nje, nyuzi hazining'inii, na matundu yanalingana. Ukiambiwa bei ikakushtua, hesabu siku za mshonaji kabla ya kubishana. Kofia hii haifai kupatanwa kama nyanya. Omba apunguze kidogo, kwa heshima, au ununue nyingine ya kazi nyepesi.

Upo pia uchoraji unaofanywa juu ya matanga chakavu ya majahazi: kitambaa kigumu chenye viraka na madoa ya chumvi, ambavyo mchoraji huviacha vionekane. Nimeipenda sana sanaa hii, kwa sababu haitengenezeki mahali pasipo na bahari. Iviringe kama mkeka, rangi ikiwa upande wa nje, na uiweke kwenye bomba la plastiki. Usiikunje.

Ukiagiza kitu kitengenezwe, andikeni. Kipimo, mti, tarehe, bei, na malipo ya awali, nusu yatosha. Tuma kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Kikiwa kikubwa, mpatane nani atakipeleka Mokowe, nani atakipakia kwenye basi na nani atalipa. Mafundi wengi wamezoea kutuma mizigo Mombasa na Nairobi, ila hawatakwambia gharama mpaka uulize.

Ukibakiwa na siku, nenda Matondoni kwa boti au kwa punda, uone mashua zikiundwa. Hakuna kiingilio. Wape salamu, kaa kivulini, uliza maswali mafupi wakati mtu hajashika shoka. Nunua mikeka kwa kinamama wa pale, kwa bei yao.

Shela ukienda, tazama msikiti wake wa Ijumaa wa 1829, kisha upitie maduka ya sanaa, kisha ufukwe, kilomita kama kumi na mbili za mchanga. Vile vilima vya mchanga nyuma yake usivikanyage ovyo wala kuacha chupa. Mvua ikinyesha huchujika humo, na maji hayo ndiyo yanayounywesha mji wa Lamu.

Tiketi ya basi la kurudi ikate siku ileile unayofika, maana baada ya zefe kila mtu huondoka pamoja. Mabasi hutoka Mokowe asubuhi mapema. Mwambie mwenye boti tangu usiku, na mpatane kabisa saa ya kukutana gatini.